Tungule zetu, mbegu za wengine

Kila bei ya tungule inapopanda hapa Pwani, lawama huwa na njia zake. Atalaumiwa dalali wa Kongowea, atalaumiwa mwenye lori, italaumiwa mvua iliyonyesha ama iliyokosa kunyesha Taveta na Loitoktok, na mpaka wa Tanzania nao haukosi kutajwa. Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: kwa nini ukanda wenye jua mwaka mzima na wenye wakulima kuanzia Msambweni hadi Mpeketoni uwe unangoja tungule za lori?

Jibu lina sehemu nyingi. Kuna maji, kuna barabara, kuna hati za mashamba. Leo nataka tuzungumzie sehemu moja ambayo aghalabu huachiwa wataalamu wazungumze wenyewe kwa wenyewe, nayo ni mbegu. Ndani ya mbegu ya tungule kumefanyika kazi kubwa ya sayansi kwa muda wa miaka themanini hivi, na karibu kazi yote hiyo imefanywa kwa ajili ya mashamba yasiyofanana na yetu.

Habari ya mbegu imerudi vinywani mwa watu kwa sababu ya mahakama. Tarehe 27 Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos aliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomzuia mkulima kuhifadhi, kubadilishana na kuuza mbegu zake vinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilipelekwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15. Kabla ya hukumu hiyo, mkulima aliyempa jirani yake mbegu kinyume cha sheria angeweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1. Tukumbuke kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge lilinde mbegu za asili na jamii zinazozitumia.

Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mkulima wa kunde, wa mtama, wa mhogo na wa mahindi ya kienyeji kule Ganze au Kinango amerudishiwa kitu alichorithi kwa babu yake. Lakini mkulima wa tungule akiisoma hukumu ile kwa makini ataona kwamba imemfungulia mlango wa nyumba ambayo ndani hamna kitu. Mbegu anayonunua dukani kwa bei ghali ni chotara. Sheria sasa inamruhusu kuihifadhi, lakini mbegu yenyewe haikubali kuhifadhiwa.

Chotara ni nini hasa

Ua la tungule lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Ndiyo maana ukipanda mbegu za aina za zamani kama Moneymaker, Cal J au Rio Grande, ukakamua mbegu zake na kuzipanda tena, utapata tungule zile zile mwaka baada ya mwaka.

Chotara hutengenezwa kwa njia nyingine. Mtaalamu huchukua koo mbili za tungule ambazo kila moja imezalishwa peke yake kwa vizazi vingi hadi ikatulia. Ukoo mmoja labda una kinga ya ugonjwa, mwingine una tunda kubwa. Kisha mfanyakazi hulifungua ua changa kwa koleo ndogo, akaling'oa sehemu ya kiume kabla halijakomaa, na akalipaka chavua ya ukoo wa pili. Hufanya hivyo kwa mkono, ua kwa ua. Mbegu zinazotoka ndizo zinazoandikwa F1 kwenye pakiti, na miche yake yote hulingana kama iliyokatwa kwa kipimo kimoja. Ghali yake imeanzia hapo kwenye kazi ya mkono, na juu yake huja gharama za utafiti na faida ya kampuni.

Ukikamua mbegu za tunda la F1 na kuzipanda, kile kilichounganishwa huanza kuachana. Mtawa wa Dola ya Austria, Gregor Mendel, alilieleza jambo hili mwaka 1866 kwa kutumia njegere. Chukua mfano wa kinga inayoletwa na jeni moja yenye nguvu. Katika miche ya kizazi cha pili, wastani wa mitatu katika kila minne itakuwa na kinga na mmoja utaikosa. Kama chotara wako alikuwa na kinga za magonjwa matatu, kila moja ikitoka kwa jeni yake na jeni hizo zikirithiwa kila moja kivyake, miche itakayobaki na zote tatu ni wastani wa 27 tu kati ya 64. Hiyo haifiki hata nusu ya shamba. Ukubwa wa tunda, muda wa kuiva na urefu wa mmea navyo vitachanganyika.

Kwa hivyo anayesema kwamba kampuni zimeroga mbegu zisizae amekosea. Mbegu hizo zinaota na zinazaa, ila hazizai kilichomo kwenye pakiti. Na matokeo kwa mfuko wa mkulima ni yale yale: kila msimu arudi dukani, ambako mbegu elfu moja za chotara mzuri huweza kumgharimu maelfu ya shilingi kabla hajanunua hata tone la dawa.

Kinga zilitoka porini

Tungule si mmea wetu wa asili. Jamaa zake wa porini wako magharibi mwa Amerika Kusini, katika nchi za Peru, Ecuador na Chile, na watu wa Mexico ndio waliokuwa wakiilima Wahispania walipofika. Mbegu zilizovuka bahari katika karne ya 16 zilikuwa chache. Tungule karibu zote za dunia zikatokana na kikapu hicho kidogo, zikawa ndugu wa karibu mno. Mmea wa namna hiyo ukishikwa na ugonjwa mpya, huwa hauna wa kumkopa kinga katika ukoo wake.

Mtu aliyelielewa jambo hili mapema ni Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Kwa miongo kadhaa alikwenda kwenye milima ya Andes na visiwa vya Galapagos akikusanya tungule za porini, nyingine ndogo kama pilipili mbuzi, nyingine chungu na za kijani hata zikiiva. Tungule za Galapagos zilimsumbua kwa kukataa kuota, hadi alipogundua kwamba zikipita kwenye tumbo la kobe wakubwa wa kisiwani huota vizuri. Hazina aliyoiacha Davis ya mbegu za porini ingali inatumiwa na watafiti wa dunia nzima.

Faida yake iko kwenye pakiti unazonunua. Kinga ya minyoo wanaofanya mizizi ivimbe mafundo mafundo ilitoka kwa jamaa wa porini wa Peru. Kinga za kirusi kinachokunja majani na kuyafanya ya njano, kinachoenezwa na nzi weupe, zilitoka kwa jamaa wengine wa porini, mmojawapo akiwa wa Chile. Wale wa porini wakichanganywa na tungule ya shambani, mtoto huja na kinga lakini pia na uchungu na udogo wa tunda. Ndipo mtaalamu humrudisha kwa mzazi wa shambani mara tano, sita au zaidi, kila mara akichagua miche iliyobakia na kinga, hadi ubaya wa porini uishe. Zamani kazi hiyo ilichukua miaka 10 au zaidi. Siku hizi hukata kipande cha jani la mche mdogo, hupima DNA yake maabarani, na huwatupa wasiofaa kabla hata hawajapandwa. Hakuna jeni ya kiumbe kigeni iliyotiwa hapo. Ni uzazi ule ule wa kawaida ukiwa na darubini bora.

Mwaka 2012, jopo la wanasayansi kutoka nchi nyingi lilichapisha ramani nzima ya vinasaba vya tungule: kromosomu 12 na jeni zipatazo 35,000. Tangu hapo kutafuta jeni ya tabia fulani kumekuwa kama kutafuta nyumba yenye nambari katika mtaa wenye majina ya barabara.

Joto letu halimo kwenye hesabu zao

Sasa tuje nyumbani. Ile kinga ya minyoo ya mizizi niliyoitaja, ambayo wataalamu huiita jeni ya Mi, ina udhaifu unaojulikana kwa miaka mingi: udongo ukipita nyuzi 28 za joto, hulegea. Msomaji ambaye amewahi kukanyaga mchanga wa Kilifi peku mwezi wa Februari hahitaji kipimajoto. Na minyoo hiyo hupenda sana udongo wa kichanga, udongo ambao ndio wetu. Mkulima wa hapa hununua pakiti iliyoandikwa herufi N, maana yake ina kinga ya minyoo, huilipia kinga hiyo, kisha huing'oa mimea yake msimu wa kaskazi na kukuta mafundo kwenye mizizi. Huamini ameuziwa mbegu bandia. Huenda mbegu ilikuwa halali kabisa, ila kinga yake ilishindwa na joto.

Jambo la pili ni maua. Chavua ya tungule huharibika joto la mchana likipita nyuzi 32 hivi, na zaidi usiku usipopoa. Wataalamu wengi huweka mpaka wa usiku baina ya nyuzi 21 na 24. Mombasa, Februari na Machi, mchana hufika 32 au 33 na usiku huwa ni kiasi cha 24 au zaidi. Mmea husimama vizuri, kijani kibichi, maua tele, kisha maua yanapukutika. Mkulima huongeza mbolea, na mbolea haina dawa ya joto la usiku.

La tatu ni mnyauko wa bakteria. Leo mmea mzima, kesho umelala kama uliomwagiwa maji ya moto, na majani yangali kijani. Bakteria huyu hupenda joto na unyevu, hukaa udongoni miaka na miaka, na hakuna dawa ya kunyunyiza inayomuua. Kinga ipo kwa baadhi ya tungule, lakini haishikiliwi na jeni moja. Ni jeni kadhaa kwa pamoja, na aghalabu huja na tunda dogo.

Ongeza hapo nondo wa Tuta absoluta, ambaye wenzetu wa Tanzania wamempa jina la Kantangaze. Alitoka Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshafika Kenya. Kituo cha icipe cha Nairobi kilileta kutoka Peru nyigu mdogo anayemwua kiwavi wake, na hilo ni jema. Kwa upande wa mbegu, baadhi ya tungule za porini zina vinyweleo vyenye gundi vinavyomsumbua, na watafiti bado wanahangaika kuihamisha tabia hiyo bila kuhamisha ubaya mwingine.

Yote haya yanatuonyesha jambo moja. Mbegu bora ni bora kwa mahali fulani. Chotara aliyechaguliwa kwenye bonde la baridi huko bara, au ndani ya nyumba ya plastiki Ulaya, anaweza kuwa bingwa kule na akawa mzigo hapa. Bila ya kuijaribu mbegu katika udongo wetu na katika kaskazi yetu, mkulima wetu ndiye anayeifanya kazi ya majaribio, kwa pesa zake mwenyewe.

Ngumu si lazima iwe GMO

Kuna maneno yanayozunguka kwamba tungule ngumu, zinazokaa wiki mbili jikoni bila kuoza, ni za GMO. Hili tulitengeneze. Nchini Kenya hakuna tungule ya GMO iliyoidhinishwa kupandwa. Uimara wa aina nyingi duniani ulipatikana kwa uzazi wa kawaida. Kuna badiliko la asili, lililoelezwa na watafiti katika miaka ya 1960, ambalo hulizuia tunda kuiva. Tungule iliyolirithi kwa mzazi mmoja tu huiva polepole na kukaa muda mrefu. Ngozi nene nayo ilichaguliwa makusudi ili tunda livumilie kreti na lori.

Tungule ya GMO iliwahi kuuzwa Marekani, iitwayo Flavr Savr, iliyoruhusiwa mwaka 1994. Haikudumu miaka mingi sokoni. Mwaka 2024 Wamarekani walianza kuuziwa mbegu za tungule ya zambarau yenye jeni za ua. Japani, tangu Septemba 2021, inauza tungule iliyohaririwa jeni zake kwa kifaa cha CRISPR ili iwe na kiasi kikubwa cha GABA, kemikali ya asili inayohusishwa na kushusha shinikizo la damu. Kifaa hicho ndicho kilichowapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Tofauti yake na GMO ya zamani ni kwamba huweza kukata au kubadilisha herufi chache ndani ya jeni za mmea wenyewe bila kuacha jeni ya kiumbe kingine.

Sheria yetu iko njia panda. Marufuku ya GMO iliwekwa 2012, Baraza la Mawaziri likaiondoa Oktoba 2022, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uingizaji na usambazaji wake hadi rufaa isikizwe. Mamlaka ya usalama wa viumbe hai nayo ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022. Mjadala huo ni halali na nauheshimu. Hofu yangu ni kwamba kelele za GMO zimetufunika macho tusione lile lililo mbele yetu. Mkulima wa Matuga hateseki leo kwa sababu ya CRISPR. Anateseka kwa sababu hakuna aliyemjaribia mbegu ya kawaida kwenye ardhi yake.

Kuna pia swali ambalo wasomaji wengi wa Kiislamu huliuliza: je, kuuchezea uumbaji huu kunafaa? Si mahali pangu kutoa fatwa, na masheikh wapo. Nitakumbusha tu kwamba kisa cha watu wa Madina na kuchavusha mitende kwa mkono kinajulikana katika hadithi, na wanazuoni hukitaja wanapozungumzia elimu ya mambo ya kidunia kama ukulima. Kuchagua na kuchanganya mbegu ni kazi ya wakulima tangu zamani. Swali zito zaidi la halali na haramu huja pale jeni inapotolewa kwa kiumbe kingine, hasa mnyama, na hapo muumini ana haki ya kujua asili yake. Dai la kuwekwa lebo, kwa hivyo, ni dai la insafu ambalo hata mtetezi wa sayansi hapaswi kulipinga.

Ladha waliyoiuza

Wapishi wetu wana malalamiko yao, nayo yana ushahidi. Ukipika rojo la biriani kwa tungule za siku hizi unahitaji nyingi zaidi, na bado utatafuta pakiti ya nyanya ya kopo kuongeza rangi na utamu. Mwaka 2012 watafiti walieleza sababu moja. Kwa miaka 70 hivi wafugaji wa mbegu walipendelea tungule inayoiva rangi moja mwili mzima, bila bega la kijani, kwa kuwa inapendeza sokoni. Badiliko lililoleta sura hiyo liliharibu jeni inayosaidia tunda kutengeneza sukari. Mwaka 2017 timu ya Harry Klee wa Chuo Kikuu cha Florida ilipima aina 398 na kuonyesha jinsi tungule za kisasa zilivyopoteza kemikali nyingi za harufu na ladha.

Hakuna aliyekusudia kuiondoa ladha. Mkulima hulipwa kwa uzito, mwenye lori hutaka isipasuke, muuzaji hutaka ing'ae, na anayekula hakuulizwa. Mbegu hufuata anayeulizwa. Pwani haijaulizwa kuhusu ladha wala kuhusu joto.

Tufanye nini

Wapo wanaosema tuachane na tungule kabisa. Pwani ilime nazi, korosho, maembe, mchicha na biringani, na tungule ziachiwe nchi za baridi. Hoja hiyo ina uzito, na mimi simshauri mtu achukue mkopo akalime ekari tano za tungule mwezi wa Januari. Lakini kumbukeni kwamba joto linapanda kila mahali, Taveta ikiwemo. Wanaotulisha leo watakabiliwa kesho na tatizo ambalo sisi tunalo tayari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse nduguye naye akianza kupungukiwa.

Kuna mambo ambayo yanawezekana bila kungoja muujiza wa maabara. La kwanza ni majaribio ya wazi. Kilimo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na kituo cha utafiti cha KALRO kipo Mtwapa, Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi. Kaunti za Pwani zingeweza kushirikiana kupanda aina 20 za tungule kila mwaka, mara moja wakati wa kaskazi na mara moja wakati wa baridi ya kusi, kwenye kichanga na kwenye udongo mzito, kisha matokeo yakabandikwa hadharani: ipi ilishika matunda, ipi ilinyauka, ipi ina ladha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na semina zinazofanywa hotelini kila mwezi.

La pili ni kutafuta mbegu zisizo chotara zilizotengenezwa kwa ajili ya joto. Kituo cha Mboga cha Dunia, kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, kimefanya kazi ya tungule za nchi za joto kwa miaka mingi na kina ofisi yake Arusha, safari ya siku moja kwa basi. Tanzania ilitoa aina za Tanya na Tengeru 97 kupitia ushirikiano wa namna hiyo. Mbegu kama hizi mkulima anaweza kuzikamua na kuzipanda tena bila kupoteza kitu. Hapa ndipo ile hukumu ya Machakos ingekuwa na maana: kikundi cha akina mama cha Tezo au Diani kikazalisha mbegu za tungule na kuwagawia majirani bila hofu ya askari.

La tatu ni kupandikiza. Mche wa tungule tamu hukatwa na kuunganishwa juu ya shina la biringani linalostahimili mnyauko na unyevu. Hakuna jeni inayoguswa. Tungule na biringani ni watu wa ukoo mmoja, pamoja na mtunguja wetu wa vichakani. Kazi hii inataka kisu kikali, kibanio, kivuli na mikono iliyotulia. Vijana wa vyuo vya ufundi wanaweza kuijua kwa muda mfupi na wakauza miche badala ya kungoja ajira.

La nne ni chumvi. Visima vingi vya Lamu, Kilifi na hata Kisauni maji yake yana chumvi. Katika Galapagos, Rick aliokota tungule za porini zilizoota karibu kabisa na mawimbi. Uwezo huo umo duniani, na watafiti wameufanyia kazi, lakini haujafika kwenye mbegu nyingi za madukani kwa sababu wanunuzi wakubwa wa mbegu hawamwagilii maji ya chumvi. Chuo chetu kikiwa na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, mada ndiyo hiyo.

Kwa mkulima wa leo, anza na kusoma pakiti. Herufi V na F ni kinga za magonjwa mawili ya mnyauko wa ukungu, N ni minyoo ya mizizi, TYLCV ni kirusi cha majani ya njano, na Rs au Bw ni mnyauko wa bakteria. HR maana yake kinga ni kali, IR maana yake ni ya wastani. Muulize muuzaji aina hiyo ilijaribiwa wapi na mwezi gani. Akishindwa kujibu, panda mistari miwili kwanza. Na usitegemee kinga moja milele. Kirusi kilichoonekana Israeli mwaka 2014 na Jordan mwaka 2015 kiliishinda kinga iliyokuwa imeshikilia kwa zaidi ya miaka 50, na huenea hata kwa mbegu. Kubadilisha mazao shambani bado ni dawa.

Kila mwaka kaunti hutuita kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti. Watu huenda, husikiliza hotuba, hunywa soda na kurudi. Safari ijayo mkulima mmoja ainuke aulize: katika pesa za kilimo, ni ngapi za kujaribu mbegu katika ardhi yetu, na matokeo ya mwaka jana yako wapi? Waziri wa kilimo wa kaunti akikosa la kujibu, tutakuwa tumejua kwa nini tungule zinakuja na lori.